Hilux 3L ya 1994 naitengeneza mwenyewe uani hapa Arua, uzoefu wangu

Watu wananiuliza sana kama hii pikapu ya zamani inafaa kununua au ni kujitafutia mateso, na kila siku najibu mmoja mmoja, sasa wacha niandike yote mara moja. Nimekaa nayo tangu 2019. Ni Toyota Hilux ya modeli LN106, ya 1994, injini 3L ya dizeli, ile ya 2.8 isiyokuwa na tabo, ekseli ya mbele ni ile nzima na springi ni za majani mbele na nyuma. Nabeba nayo simsim na muhogo mkavu kutoka vijijini kuleta mjini, na mara mbili tatu kwa mwaka nashuka nayo mpaka Kampala. Kazi karibu yote ya kuitengeneza nafanya nyumbani, chini ya mwembe.

Nilichojifunza kwa miaka yote hii ni kwamba hii gari haiuawi na uzee, inauawa na maji. Maji kwenye dizeli, maji mabaya kwenye rediata, maji kwenye difu (zile gia za katikati ya ekseli), maji na matope ndani ya chesisi. Karibu kila shida kubwa iliyonipata nayo, ukiifuata mpaka mwisho unakuta maji.

Naanza na dizeli maana hiyo ndiyo iliyonila pesa nyingi zaidi. 2021 nilikuwa narudi kutoka Kampala, nimepita Karuma, tanki liko chini, nikanunua jerikani mbili za dizeli pembeni mwa barabara kwa mtu nisiyemjua. Daraja la Pakwach nikavuka vizuri. Nilipoanza kupanda kuelekea Nebbi gari ikaanza kukohoa, moshi mweupe nyuma, nguvu ikaisha mpaka gia ya pili haivuti. Nikasimama pembeni, nikachukua chupa tupu ya maji ya kunywa, nikafungua kile kibomba kidogo chini ya filta ya dizeli, nikajaza chupa na kuinua juani. Chini kulikuwa na maji meupe vidole viwili, juu yake dizeli ya njano, na katikati mstari umenyooka kabisa kama umechorwa na rula. Sitasahau ile chupa.

Kuna taa kwenye dashibodi ya kukuonya kama maji yamejaa kwenye filta. Yangu ilikuwa imekufa tangu kwa mwenyewe wa kwanza na mimi sikuwahi kuiangalia, na kumbe unatakiwa uione inawaka kidogo unapofungua swichi kabla ya kupiga stata, isipowaka ujue balbu imekwenda au waya umekatika.

Nilifika nyumbani, nikabadilisha filta, lakini pampu ilikuwa tayari imeumia. Hii pampu ya 3L haina oili yake, inalainishwa na hiyo hiyo dizeli inayopita ndani, kwa hiyo ukiipitishia maji vyuma vinasagana vikavu na kutu inaingia siku ile ile. Mafuta ya taa nayo ni hivyo hivyo, msidanganywe na bei. Pampu pamoja na nozo zote 4, zile zinazonyunyizia dizeli ndani ya silinda, zilikwenda Kampala kwa fundi mwenye mashine ya kupimia, na nililipa pesa kuliko vitu vyote vingine nilivyonunua miaka miwili pamoja.

Tangu hapo kila Jumamosi asubuhi kabla sijawasha, yaani gari imelala usiku mzima na maji yametulia chini, nalegeza kile kibomba, nasukuma pampu ya mkono iliyo juu ya filta mara nne tano, natoa kikombe kimoja kwenye chupa ya kioo na kuangalia. Mara nyingi hakuna kitu. Mara nyingine naona matone chini yanabingirika kama shanga, basi naendelea kutoa mpaka inakuja safi. Halafu nafunga, nasukuma tena mpaka ile pampu inakuwa ngumu mkononi, hapo hewa imetoka, unapiga stata inawaka. Dakika tano tu. Na tanki najaza jioni, siachi lilale tupu, tanki tupu linatoa jasho ndani usiku.

Rediata sasa. Aliyeniuzia aliniambia kwa furaha, hii gari haichemki, themostati tumeitoa. Themostati ni ile vali inayofungua na kufunga njia ya maji ya injini kufuata joto. Na mimi nikafurahi. Lakini nikiweka mzigo na kupanda mlima sindano inapanda, tambarare inashuka, asubuhi injini inachukua muda mrefu sana kupata moto na inakula dizeli. Nikabadilisha kifuniko cha rediata, nikasafisha rediata, wapi. Jirani yangu ni mzee aliyekuwa fundi wa magari ya jeshi, nikamwambia mzee shikamoo, hii gari inanisumbua hivi na hivi. Akaniuliza swali moja tu, "Themostati iko?" Nikasema hapana mzee, walitoa. Akasema, "Rudisha, kijana wangu. Anayetoa themostati hajui kazi yake ya pili."

Akanielezea. Themostati ya hizi injini ina sahani nyingine ndogo chini. Injini ikipata moto, mdomo wa juu unafunguka maji yaende rediata, na ile sahani ya chini wakati huo huo inaziba njia fupi ambayo maji yanarudi injini bila kupoozwa. Ukiitoa, njia fupi inabaki wazi siku zote, maji mengine ya moto yanazunguka tu humo humo. Ndiyo maana inachemka kwenye mzigo.

Nilinunua mbili hapa mjini. Usifunge themostati bila kuipima, hii nawaomba sana. Nilichukua sufuria ya zamani ambayo haipikiwi tena, nikaweka maji na jiko la makaa, nikazifunga zote mbili kwa uzi zikaning'inia katikati zisiguse chini. Moja imepigwa muhuri 82, maana yake inaanza kufunguka kwenye joto la 82. Maji yalipoanza tu kutoa moshi na vipovu vidogo pembeni, ule mdomo ukaanza kuachia taratibu, kwanza unaona mwanga mwembamba kama ukucha, halafu unafunguka wote, na sahani ya chini inashuka pamoja nao. Ile nyingine maji yalichemka mpaka yakaruka nje ya sufuria na haikusogea hata kidogo. Zilikuwa boksi moja, bei moja, duka moja. Ningeifunga ile mbovu hedi, yaani kichwa cha injini, ingepasuka, na hedi ya hizi injini za L, ukoo wa hii 3L, ikichemka sana inapasuka kati ya vali, hiyo inajulikana.

Maji ya kisima cha bomba hapa kwetu yanaacha chumvi nyeupe ndani ya birika, mnaijua, sasa hiyo chumvi ndiyo inaganda ndani ya mirija ya rediata. Natumia maji ya mvua nusu na kulanti, ile dawa ya rediata, nusu. Na nikiwa na wasiwasi na gasketi ya hedi, injini ikiwa baridi nafungua kifuniko, nawasha, naangalia maji kama yanatoa vipovu visivyokwisha hata nikipiga resi. Vikiwepo, gesi ya silinda inaingia kwenye maji.

Mkanda wa taimingi, ule unaofanya vali zifunguke kwa wakati wake na pistoni, hauhusiani na maji lakini siwezi kuuacha. Nilipofungua dashibodi kutafuta ile balbu ya filta nilikuta kipande cha soloteipu nyeusi kimebandikwa juu ya taa nyingine. Nikakibandua, nikafungua swichi, nikawasha injini, taa ya T-BELT inawaka na haizimi. Hiyo taa inawaka kila kilomita 100,000 kukwambia badilisha mkanda. Mtu aliona, badala ya kubadilisha akaifunika, akaniuzia. Kwa kweli niliumia moyo, maana kwenye 3L mkanda ukikatika pistoni zinagonga vali, na mimi nilikuwa nimeshaenda nayo Kampala na kurudi na familia ndani.

Nikaagiza mkanda, beringi ya kukazia, sili (mipira ya kuzuia oili) ya kamshafti na ya krenki kutoka Kisekka, soko la vipuri la Kampala, vikaja na basi la usiku. Nilipofungua kava nikakuta mkanda umelowa oili, sili ya kamshafti inavuja, kwa hiyo ukifungua huko badilisha sili zote siku hiyo hiyo, usione uchoyo. Kuna alama tatu lazima zikae sawa, ya krenki, ya kamshafti na ya pampu ya dizeli. Kabla sijatoa mkanda wa zamani niliweka alama juu ya kila meno kwa rangi ya kucha ya mke wangu, nyekundu, inaonekana vizuri hata penye giza. Ukishafunga mpya usipige stata kwanza. Zungusha krenki kwa mkono na spana raundi mbili kamili, taratibu, ukisikia imegonga simama hapo hapo. Raundi mbili zikiisha alama zote zirudi mahali pake. Mara ya kwanza mimi alama ya pampu ilirudi ikiwa imepita jino moja, nikafungua tena nikaanza upya, mwanangu ameshika tochi mpaka saa tatu usiku. Ilichukua siku mbili. Fundi anafanya nusu siku, lakini sasa najua ndani kuna nini na kilifungwa na nani.

Difu kwa ufupi. Juu ya ekseli kuna kipumulio kidogo, kikiziba kwa matope halafu ukaingiza difu ya moto kwenye kijito, inapoa ghafla na inavuta maji kupitia kwenye sili. Yangu ilitoka oili kama chai ya maziwa. Nimebadilisha, na kipumulio nakisafisha kila baada ya mvua kubwa. Na kitu kimoja, kabla ya kumwaga oili ya difu au giaboksi fungua kwanza nati ya juu ya kujazia. Ukimwaga kwanza halafu ya juu ikakataa kufunguka, gari imelala hapo.

Breki nabadilisha mafuta yake kila miaka miwili maana yanavuta unyevu kutoka hewani, na silinda za nyuma zinaanza kuota kutu ndani.

Chini ya gari siingii na jeki peke yake, hata kwa dakika moja, hata kuokota spana. Nina stendi mbili za chuma na magogo mawili ya mvule, na tairi zinazobaki chini zina mawe mbele na nyuma. Kwenye hili tafadhali msilegeze, kuna nyumba zimebaki na wajane kwa sababu ya jeki.

Kazi nisizogusa ni pampu ya dizeli na nozo, kusaga hedi, na kulehemu chesisi. Hizo zinataka mashine na mtu wake. Mengine yote, oili, filta, klachi hata, springi, bushi, breki, stata, nafanya na boksi moja la spana na torki renchi niliyonunua kuukuu.

Ubaya wake nao niuseme. Haina mbio, mlima ukiwa na mzigo unapitwa na kila mtu. Kelele ndani ni nyingi, safari ya Arua mpaka Kampala mgongo unauma siku ya pili yake. Vipuri feki vimejaa kuliko vya kweli. Na hizi gari hazitaongezeka tena, sheria ya 2018 ilikataza kuingiza nchini gari ya miaka 15 na zaidi, kwa hiyo zilizopo ndizo hizo, na wenye nazo nzuri wameshajua na bei wamepandisha.

Ukienda kununua usianze na injini. Injini ya 3L hata ikifa utapata nyingine au utaifungua. Anza na chesisi. Nenda na nyundo ndogo na tochi, lala chini, gonga gonga kuanzia nyuma ya kabini mpaka zinaposhika springi za nyuma, mlio wa chuma kizima unalia, penye kutu ndani panatoa sauti ya kufa. Ingiza kidole kwenye matundu ya chesisi, ukikuta matope yamejaa humo yamekaa miaka. Yangu niliosha kwa mpira wa maji ndani ya chesisi ikatoka ndoo tatu za udongo mwekundu, na chini yake chuma kilikuwa bado kizima, hapo nilishukuru Mungu. Usidanganywe na rangi mpya, rangi mpya chini ya gari ndiyo ya kuogopa zaidi.

Kwa upande wangu siiuzi. Tangu nianze kuitunza hivi haijawahi kunilaza barabarani tena baada ya ile siku ya Nebbi. Jumamosi hii nafungua habu za mbele, ya kulia sili imeanza kutoa grisi kwenye pedi za breki, beringi nimeshaagiza.