Marekani ya mabango ya maandamano: neno la fundi cherehani

Nashona sare za shule Mathare, Nairobi, na tangu 2017 nashona pia mabango ya maandamano. Mwaka huo Mathare Social Justice Centre, kituo cha kutetea haki mtaani kwetu, walitoa ripoti iliyoorodhesha visa 803 vya watu waliouawa na polisi nchini kati ya 2013 na 2016. Akina mama wa mtaa wetu walitaka majina ya watoto wao yaonekane barabarani, nami cherehani ninayo. Nimejaribu karatasi ya manila, nimejaribu bango la plastiki la mashine. Siku hizi nanunua marekani tu, kile kitambaa cha pamba.

Nasema ile isiyopaushwa, yenye rangi ya maziwa na vipunje vya pamba vinavyoonekana. Mara ya mwisho, Biashara Street, nililipa shilingi 180 kwa mita. Nyeupe pepe ina bei zaidi, na kwenye picha za mchana inang'aa hadi maandishi yanafifia. Inyanyue kwenye mwanga kabla hujalipa. Ukiona vidole vyako upande wa pili, mwambie muuzaji akutolee jora jingine.

Kisha ifue. Hili nalisisitiza kwa sababu nilikosea. Dukani marekani hutoka na wanga, na rangi ikikaa juu ya wanga haishiki uzi. Ukikunja bango mara mbili tatu, herufi zinabanduka. Kwenye maandamano ya Saba Saba, ya tarehe saba Julai, mwaka mmoja tulifika mjini neno HAKI likiwa limebanduka nusu, na aliyelibeba ni mama aliyezika mwanawe. Aibu ile ninayo hadi leo. Tena kitambaa hiki hurudi kikifuliwa, kwa hiyo nunua cha ziada, angalau upana wa kiganja.

Natumia rangi ya maji, ile ya ukutani, niliyoizimua kidogo, napaka mara mbili nyembamba. Rangi ya mafuta hukifanya kitambaa kuwa kigumu kama mkeka, na huchukua siku nzima kukauka. Ya maji ikilala usiku mmoja, mvua haiiharibu.

Plastiki haichafuki na inafaa kutundikwa ukutani miezi mingi. Marekani hunasa vumbi, na harufu ya gesi ya machozi huganda ndani mpaka uiloweke usiku kucha. Lakini upepo ukivuma, plastiki huvuta wabebaji kama tanga, marekani hupitisha hewa. Plastiki hubebwa imeviringishwa, kila mtu anaiona kuanzia kituo cha matatu. Marekani naikunja, naitia kwenye kiondo chini ya sukuma wiki.

Kuna pia jambo lililoniuma. Duka moja la kuchapisha lilipokea malipo yetu ya kwanza, kisha mhudumu akayasoma maneno, akasema kazi hiyo hawaifanyi. Ilikuwa jioni, na maandamano ni kesho yake asubuhi. Tulikaa kibandani kwangu hadi saa tisa usiku tukiandika kwa mkono, vijana wakishika taa za simu. Tangu siku hiyo sipeleki maneno yetu kwa mtu wa kuyapima.

Jina lenyewe ni la zamani. Katika karne ya 19 kitambaa hiki kilifika Unguja kwa meli za wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, huko Amerika, ndiyo maana wakakiita marekani. Watumwa na maskini walikivaa. Kikitiwa nili kikawa kaniki. Kwangu hilo lina uzito kila ninapokikata.

Kazi kubwa niliyoifanya kwa marekani ni ya Julai 2024. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imetangaza vifo 39 katika maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha. Nilikwenda kununua mita tano. Muuzaji, kijana wa makamo ya mwanangu, akaniuliza, "Mama, ni za mashuka?" Nikamwambia ni za majina ya waliouawa. Alipima tano, akaongeza nusu mita bila malipo, akakunja kimya.

Tuliandika yale tuliyokuwa nayo, kila jina na mstari wake, herufi za urefu wa shubiri. Bango hilo halina miti. Hubebwa limetandazwa, kila mama ameshika ukingo. Hesabu ya waliokufa iliendelea kupanda, na familia zikaendelea kutuletea majina. La plastiki lingetulazimu kuchapisha upya. Hili nililiunga kwa mshono bapa, ambao haufanyi kivimbe wala haupasui rangi, na sasa limefika mita saba. Ukingo wa chini nimeupiga zigizaga tu uzi usichomoke. Pindo sijatia.