Dawa ya Kuchua Yenye Pilipili: Ipi Inunuliwe Kwanza Hapa Kigoma

Mzee aliyevuta nyavu Ziwa Tanganyika kwa miaka mingi, au mama aliyekamua mawese tangu ujanani, huingia duka la dawa la Mwanga au Ujiji akilalamikia magoti na vidole, na huomba dawa ya kuchua iliyo kali kuliko zote. Ombi hilo huwapotezea watu fedha, kwa kuwa ukali unaosikika kwenye ngozi si kipimo cha dawa. Kinachostahili kutazamwa ni kiasi cha kapsaisini, kiini kinachoipa pilipili ukali wake, kilichoandikwa kwenye tyubu.

Ninaiweka mbele krimu ya asilimia 0.025, hasa kwa magoti na vidole vilivyosagika maungio. Kapsaisini hushika kipokezi kiitwacho TRPV1 kwenye ncha za neva, kilekile kinachotambua joto kali, na ndiyo maana ngozi huhisi moto ingawa haijaungua. Neva ikichokozwa hivyo mara kwa mara hulegea, ikapunguza kupeleka habari za maumivu. Kwa hiyo krimu hupakwa mara tatu hadi nne kila siku, na nafuu huweza kuchukua wiki mbili au zaidi, anayepaka usiku mmoja akaacha amenunua mwasho mtupu.

Ya pili ni krimu ya asilimia 0.075, ambayo ni ya maumivu ya neva, kama yale yanayobaki baada ya mkanda wa jeshi kupona kabisa, au miguu inayowaka kwa sababu ya kisukari. Hii isinunuliwe kabla ya kumwona daktari. Plasta za pilipili ninazipa nafasi ya tatu: zinafaa mgongo, lakini nyingine hutaja pilipili bila kutaja kiasi, na hizo ningeziacha dukani.

Mwisho kabisa ni pilipili kichaa iliyotwangwa nyumbani na kulowekwa katika mawese. Kapsaisini huyeyuka vizuri katika mafuta, hivyo mchanganyiko huo huweza kuchoma ngozi vibaya, na hakuna ajuaye amepaka kiasi gani. Aliyekwisha kuungua asitegemee maji matupu. Ajifute kwa mafuta ya kula, kisha aoshe kwa sabuni.

Kabla ya kulipa, hakikisha dawa imesajiliwa na TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na muda wake haujapita. Usiipake kwenye kidonda, wala usiifunike kwa kitambaa cha moto. Nawa mikono mara tu baada ya kupaka. Ikiwa vidole ndivyo vinavyouma, subiri nusu saa ndipo unawe, na katika muda huo usiguse macho wala usimbebe mtoto.