Chumvi ya pakiti yenye madini joto: tathmini ya mama mjamzito wa Chake Chake

Kwa muda wa miezi mitatu, tangu kipimo cha mimba kilipotoa mistari miwili, nimekuwa nikipikia chumvi laini ya pakiti ya nusu kilo iliyoandikwa kuwa ina madini joto, yaani iodini, nikiilinganisha na chumvi ya mawe inayopimwa kwa kopo sokoni, ambayo ndiyo iliyonilea.

Uzito wa jambo hili uko katika wiki za mwanzo kabisa. Mtoto aliye tumboni hana bado tezi ya shingo inayofanya kazi, hivyo ubongo wake hujengwa kwa homoni za mama peke yake, na tezi ya mama, inayozitengeneza homoni hizo kwa madini joto, hulazimika kuzizalisha kwa takriban nusu zaidi ya kawaida. Tezi ya mtoto huanza kukusanya madini joto karibu na wiki ya 12, na huchukua wiki kadhaa zaidi kabla ya kujitegemea vya kutosha. Mimi nilifika kliniki nikiwa na wiki ya 10, nikajiona nimewahi, kumbe sehemu kubwa ya kipindi hicho ilikuwa imekwishapita. Pakiti hii inapaswa kuwamo jikoni kabla mimba haijatungwa.

Mama mkwe wangu aliniuliza, "Mwanangu, sisi tumezungukwa na bahari, madini joto ya kununua ya nini?" Swali lake ni la haki, lakini maji ya bahari yanapokaushwa juani hubakisha chumvi yenye madini joto kidogo sana, na uchunguzi uliofanywa visiwani mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulikuta rovu, yaani uvimbe wa tezi ya shingo, na upungufu wa madini joto, Pemba zaidi kuliko Unguja.

Nilipeleka chumvi zote mbili kituo cha afya, kila moja katika kijikaratasi. Mhudumu alidondosha tone moja la dawa ya kupimia juu ya kila fungu: chumvi ya pakiti ikageuka zambarau iliyokolea papo hapo, ile ya mawe ikabaki nyeupe, imelowa tu. Kipimo hicho huonesha kuwa madini yamo, hakisemi kwa uhakika ni kiasi gani, na hapo ndipo ninapoilaumu pakiti yangu, kwani haikuandika kiwango popote.

Kiwango kina maana kubwa kwa mjamzito. Shirika la Afya Duniani linapendekeza apate mikrogramu 250 kwa siku. Chumvi yenye miligramu 30 za madini joto katika kilo moja humpa mikrogramu 150 kwa kila gramu 5, ambazo ni karibu kijiko kimoja cha chai, na si vyema kuzidisha chumvi kwa sababu ya presha. Pengo linalobaki nimelijazia kwa samaki wa baharini, mayai na maziwa, kwa sababu vidonge vya kuongeza damu tunavyopewa kliniki ni vya madini ya chuma na foliki asidi, havina madini joto. Nashauri kila mwenzangu amuulize mkunga kuhusu kidonge cha nyongeza, hasa aliyewahi kuvimba shingo, lakini asijitibu kwa unga wa mwani: madini joto yake hayatabiriki, na yakipita mikrogramu 500 kwa siku huweza kuivuruga tezi ileile tunayoilinda.

Kwa matumizi ya kila siku sina lalamiko. Ladha ni ileile, inayeyuka upesi katika mchuzi, na bei yake, ingawa ni kubwa kuliko ya kopo, haiumizi. Ninaihifadhi katika chupa yenye kifuniko mbali na jiko, na ninaitia chungu kinapokaribia kuiva, kwa kuwa unyevu na moto mrefu hupunguza madini. Duka la kwanza nililonunua lilikuwa likizianika pakiti juani barazani, nyingine zimetoboka na zimelowa. Nililihama, na sasa nanunua kwa muuzaji anayeziweka ndani, kwenye rafu kavu. Nimekwisha kumwagizia mdogo wangu pakiti mbili, ambaye harusi yake ni mwezi ujao.