Casio fx-991ES PLUS: konstanti 40 nyuma ya kitufe kimoja

Kilichonivutia zaidi katika kikokotoo hiki ni konstanti 40 zilizohifadhiwa ndani yake: unabonyeza SHIFT, kisha 7, unaandika namba ya konstanti unayoitaka, na thamani yake inaingia kwenye hesabu bila wewe kukumbuka tarakimu hata moja. Kwa mwanafunzi wa fizikia au uhandisi, jambo hilo pekee linaokoa muda mwingi.

Hata hivyo, orodha hiyo imechanganya namba zenye tabia tofauti kabisa. Kasi ya mwanga, namba 28, ni mita 299,792,458 kwa sekunde kwa sababu ndivyo ilivyokubaliwa mwaka 1983, mita yenyewe ilipofafanuliwa upya kwa kuitegemea; haipimwi tena. Namba 39, yaani G ya Newton (konstanti ya nguvu ya uvutano kati ya vitu), hupatikana maabara, na shaka yake huanza takribani kwenye tarakimu ya tano. Kioo huzionyesha zote mbili kwa sura ileile.

Yenye kuhitaji tahadhari kubwa zaidi ni namba 35, yaani g (mchapuko wa kitu kinachoanguka kwa mvutano wa dunia), iliyowekwa kuwa 9.80665 m/s². Hicho ni kiwango cha makubaliano ya mwaka 1901, si kipimo cha mahali ulipo, kwani usawa wa bahari kwenye ikweta g hukaribia 9.78 na kwenye ncha za dunia 9.83. Mwanafunzi wa Dar es Salaam anayepata 9.78 kwa pendulamu, kisha akalinganisha na kikokotoo, anaweza kudhani amekosea ilhali amepima vizuri kuliko alivyotarajia.

Thamani ya h ya Planck (konstanti ya fizikia ya kwanta) nayo ni ya kabla ya mwaka 2019, vipimo vya kimataifa vya SI vilipofafanuliwa upya, ingawa tofauti ni ndogo mno kumpotezea mtu alama. Kwa upande wa hisabati, π na e (msingi wa logi asilia) zina nafasi zake kwenye vitufe vya kawaida, nje ya orodha, na naona ni sawa, kwa kuwa hazikutokana na upimaji wowote. Konstanti ya uintegrishaji, ile C tunayoongeza mwishoni mwa integrali isiyo na mipaka na kuisahau kila mara, usiitafute: kikokotoo hufanya integrali zenye mipaka tu.

Wanakemia wajue kwamba konstanti za msawazo (namba zinazoonyesha mmenyuko wa kemikali unatulia wapi) hazimo, na zisingeweza kuwamo, maana hubadilika kila joto linapobadilika. Hizo utazihifadhi mwenyewe kwenye kumbukumbu A au B. Kwa matumizi ya kidato cha tano hadi chuo kikuu, ninakipendekeza bila kusita.