Uzoefu wangu: usukani wa Hilux uliokuwa ukitangatanga, na gereji tatu za Chake Chake

Pikapu yangu ni Hilux ya mwaka 1994, ile ya dizeli yenye ekseli nzima na springi za majani mbele. Kazi yake ni kubeba saruji na mabati, na msimu ukifika inapeleka karafuu za watu kwenye vituo vya ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu. Mwaka jana usukani wake ulinila fedha, na nyingi kati ya hizo zilikwenda bure. Watu wawili wameshaniuliza barazani nani aliyeniponyesha, basi naandika mara moja.

Ukitoka Mkoani kuja Chake, ukishapita Mtambile, pana pahala barabara inanyooka kidogo, na hapo ndipo nilipokuwa nikiujua ugonjwa wangu. Umeshika usukani sawa, gari inakwenda kulia. Unairudisha, usukani unazunguka bure kama upana wa kiganja, tairi hazina habari. Zikipata habari, zinakwenda kushoto kuliko ulivyotaka. Mkono haupumziki. Nikipakia mifuko ishirini ya saruji nyuma ndiyo balaa zaidi, maana mbele inakuwa nyepesi. Mke wangu alipanda siku moja tu. Tulipofika Chake akashuka, akajifunga mtandio wake vizuri, akaniambia, "Baba watoto, gari hii ina shetani."

Gereji ya kwanza nilimkuta fundi kijana. Alifungua boneti, akautikisa usukani mara mbili, akasema, "Stering boksi imekwisha hii, ami," yaani lile sanduku la meno linalopokea mzunguko wa usukani. Chini ya gari hakuingia. Akalegeza nati ya juu ya boksi, akaikaza ile skrubu ya katikati, akataka elfu ishirini. Nilitoka pale nikitabasamu, kwa sababu kweli usukani ulikuwa mzito na haukucheza sana. Furaha ilidumu siku mbili. Siku ya tatu nilikuwa na safari ya Wete, na mwenye kuijua njia ya zamani ya Chake kwenda Wete anajua kona zake. Nakata kona, nauachia usukani urudi wenyewe kama desturi, haurudi. Umebaki pale pale kama punda aliyegoma. Kila kona nikauvuta kwa mikono mpaka mabega yakaniuma.

Baadaye ndiyo nikaelewa. Skrubu ile inasogeza meno ya ndani ya boksi yakaribiane. Ukiikaza kupita kiasi, meno yanabanana pale usukani unaponyooka, ndiyo maana hauwezi kurudi, na meno yenyewe yanalika. Kuikaza kunaficha ulegevu wa pahala pengine, kwa siku chache. Niliporudi kulalamika, jawabu lilikuwa ninunue boksi ya mtumba kutoka Dar, laki nne na nusu, na usafiri juu yangu. Nilikuwa karibu ya kutoa.

Gereji ya pili walikuwa waungwana zaidi. Walibadilisha tairodi endi mbili, vile viungo vya ncha za ile fimbo inayounganisha magurudumu, wakapima alaimenti, yaani mkao wa tairi, kwa uzi. Uzi sina ugomvi nao. Kwenye ekseli nzima kama hii, kitu cha kurekebisha ni kama tairi zinatazamana kwa ndani au kwa nje tu, na uzi uliovutwa vizuri unakuonesha. Kosa lilikuwa endi, na kosa hilo ni langu, maana nilizinunua mwenyewe kwa kufuata bei. Kabla ya miezi minne mpira wa moja ulipasuka, grisi ikatoka, mchanga ukaingia. Na hata zilipokuwa mpya, gari ilipata nafuu kidogo tu. Shetani alikuwa bado yumo.

Wa tatu ni mzee mmoja anayefanya kazi chini ya mwembe. Hana hata kibao. Karibu nusu saa hakushika spana.

Alianza na upepo wa tairi. Mbele kushoto 22, kulia 34. Akanitazama kwa jicho la mtu aliyemkuta mtoto anakula udongo. Akajaza zikalingana. Halafu akachora mstari wa chaki kwenye usukani, akaweka rula ya skuli ya mjukuu wake, akaniambia niuzungushe polepole mpaka tairi ianze kusogea. Sentimita saba.

"Sasa washa gari. Utikise kidogo kidogo, kushoto kulia, usifike mbali. Jeki siitaki." Nilimuuliza kwa nini, maana mafundi wote niliowaona wanakimbilia jeki. Akasema tairi zikiwa chini zinakataa kugeuka, kwa hivyo kila palipolegea panajitokeza. Ukiinyanyua gari, kila kitu kinafuatana na ulegevu unajificha.

Akatandika gunia, akalala chini ya gari, na akaanza kushika kiungo kimoja kimoja kuanzia juu. Fimbo inayoingia kwenye boksi na pitimani, ule mkono unaotoka kwenye boksi, zikasogea pamoja. "Boksi haina kesi," sauti ikatoka chini. Dakika moja baadaye akaniita. Mjukuu akakaa kwenye kiti kutikisa usukani, mimi nikaingia kwenye gunia. Akaukamata mkono wangu akauweka pale fimbo ya pitimani inapoungana na ile ya kwenda kwenye gurudumu. "Shika mwenyewe, mwanangu, usije ukasema nimekudanganya." Vipande viwili vilivyotakiwa kwenda kama kimoja, kimoja kikitangulia na kingine kikifuata, na katikati kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Usiku ule nilikuwa bado naisikia ile kitu kwenye vidole.

Kiungo kile kwenye Hilux za aina hii kinafunguliwa. Kina kizibo kilichofungwa kwa kota pini, na ndani kuna springi na vikombe viwili vinavyoikumbatia gololi. Vikombe vyangu vilikuwa vimelika upande mmoja, na springi imevunjika vipande viwili.

Jeki ilikuja mwisho. Akashika tairi ya kushoto juu na chini akaitikisa, ikacheza. Akamwambia mjukuu akanyage breki, akatikisa tena. Bado inacheza. Hapo akasema si beringi ya tairi, maana breki ingeishika, ni beringi za kingipini, zile ambazo gurudumu linageukia likikata kona. Kipimo hiki pekee kinatosha kunifanya nimrudie.

Vifaa vilitoka Unguja kwa boti mpaka Mkoani: vikombe na springi yake, beringi za kingipini, na tairodi endi za 555 za Japani. Za bandia zipo madukani, basi mzee alizishika kabla ya kukubali. Gololi iwe ngumu kugeuka kwa kidole, na mpira uwe laini. Akairudisha ile skrubu ya boksi ilivyokuwa. Jumla nilitoa laki mbili na elfu themanini na tano, elfu sitini kati ya hizo ndiyo ufundi wake. Linganisheni na boksi niliyotakiwa kuinunua, ambayo ingefungwa juu ya kiungo kilichokufa.

Kasoro anazo. Kazi ilichukua siku tisa, na simu hapokei akiwa chini ya gari, yaani hapokei. Ijumaa usimtafute. Risiti hakuna. Mlango wangu ulirudi na kiganja kizima cha grisi ambacho hakijatoka hadi leo.

Rula ilisoma sentimita mbili. Pale baada ya Mtambile gari inakwenda pahala unapoitazama, na kona za Wete usukani unarudi wenyewe. Nikipishana na lori kubwa bado inayumba kidogo. Hiyo mzee ameshaniambia sababu yake: mwenye gari kabla yangu alifunga sheko ndefu mbele, vile vyuma vinavyoshika ncha ya springi, ili gari inyanyuke, mlalo wa ekseli ukabadilika, na tairi zikapunguza hamu ya kukaa katikati. Anataka nilete sheko za asili. Mimi napenda gari ikiwa juu. Tumekubaliana tulizungumze msimu wa karafuu ukimalizika, na rula ya mjukuu ameniachia kwenye dashibodi. Jana ilisoma mbili na nusu.