Kikapu cha kupikia bila moto: miezi mitano jikoni kwangu

Kikapu hiki nilikinunua katika soko la Kongowea, Mombasa, kwa shilingi 1,500, kwa mama mmoja wa makamo anayevifuma kwa mwaa na kuvishonea ndani kitambaa cha leso kilichojazwa sponji. Kina mito miwili: mmoja umelala chini na mwingine hufunika sufuria juu. Hakina waya, hakina betri, wala hakina sehemu ya kutilia makaa, jambo lililomfanya mume wangu aulize kama nimenunua chombo cha jikoni au kitanda cha paka.

Utendaji wake ni rahisi kuueleza. Maji yakishachemka hapa pwani, usawa wa bahari, joto lake ni nyuzi 100, na ukizidi kuyachochea moto hayapandi zaidi ya hapo, bali hugeuka mvuke na kutokea dirishani pamoja na pesa zako. Maharagwe hayahitaji moto. Yanahitaji joto lililotulia kwa muda mrefu. Kwa hiyo unainjika sufuria, unaiacha itokote barabara, unaiipua na mfuniko wake bila kuchungulia, kisha unaizika ndani ya kikapu. Wenzetu wa Nairobi, ambako maji huchemka kwa takriban nyuzi 94 kwa sababu ya mwinuko, watahitaji subira kubwa kuliko yetu.

Yule mama alinipa sharti moja tu. “Mwanangu, hiki ni kama mtoto mchanga. Ukimfunuafunua hatalala.” Wiki ya kwanza nililipuuza, kwani mkono uliozoea kufunua sufuria kila baada ya dakika 10 hauachi kwa siku moja, na maharagwe yangu yakatoka magumu kama kokoto. Nilipoacha kuchungulia ndipo kikapu kikaanza kazi.

Maharagwe mekundu niliyoyaloweka usiku kucha huyachemsha kwa dakika 15, kisha huyaacha kikapuni kwa saa tatu, na nikiyatoa huyarudisha motoni kwa dakika kama 10 pamoja na kitunguu na tui. Hizo dakika 15 za mwanzo zisipunguzwe kwa tamaa ya kuokoa gesi, kwa maana maharagwe mekundu yana sumu ya asili ambayo huondoka kwa mchemko mkali wa dakika zisizopungua 10, na joto la kikapu peke yake haliimalizi. Pojo, yaani ndengu au choroko, huchemka dakika tano na huiva ndani ya saa moja. Wali huiva bila tatizo na haugandi, ila haupati ukoko, na nyumbani kwangu kuna watu wawili ambao bila ukoko hawaoni kama wamekula. Makongoro, yaani miguu ya ng'ombe, nimeyajaribu mara mbili na mara zote mbili nimeyamalizia kwenye jiko, ingawa niliambiwa wakati wa kununua kwamba nyama yoyote itaiva kwa saa mbili. Ahadi hiyo si ya kweli.

Nilihamia gesi baada ya makaa kupanda bei kufuatia hatua ya serikali ya kusitisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, Februari 2018, na mwaka 2021 gesi nayo ikatozwa kodi ya thamani ya ziada ya asilimia 16, kwa hiyo tangu wakati huo mtungi wangu wa kilo sita nauandikia tarehe kwa kalamu ya wino mzito kila ninapoujaza. Kabla ya kikapu mtungi ulikuwa ukinichukua wastani wa siku 26. Sasa unafika siku 36. Kwa bei ninayojazia mimi, shilingi 1,250, tofauti ni kama shilingi 13 kwa siku, maana yake ni kwamba kwa gesi peke yake kikapu kilihitaji karibu miezi minne kujilipa. Muuzaji husema kitakupunguzia nusu ya matumizi. Mimi sikuiona hiyo nusu, kwa sababu chapati, samaki wa kukaanga na chai ya asubuhi haviingii kikapuni.

Faida iliyonishangaza ilitoka mahali nisipopatazamia. Tulikuwa tukinunua mbaazi za nazi asubuhi nne kwa wiki, kwa kuwa hakuna mtu mwenye kazi anayeweza kuamka kuchemsha mbaazi kabla ya kukimbilia feri ya Likoni, na kwa watu watano hizo mbaazi, mbali na mahamri, zilitugharimu shilingi 200 kila asubuhi. Sasa mbaazi zilizolowekwa tangu alfajiri huingia kikapuni jioni nikirudi, na kabla ya kulala zimekwisha laini. Nazipoza, naziweka kwenye friji, na asubuhi ninazichemsha upya na tui zito kwa muda mfupi. Nusu kilo ya mbaazi na nazi mbili hunitoka shilingi 190 na hututosha asubuhi mbili. Kwa wiki ninayojitahidi, hiyo ni akiba ya shilingi 420, ambayo gesi haiikaribii. Wiki nyingine uvivu hunishinda na mwenye mbaazi wa mtaani hunipokea kwa bashasha kama mgeni aliyerudi safari.

Usidanganyike ukaziacha mbaazi humo hadi asubuhi. Joto hushuka polepole, na likishafika chini ya nyuzi 60 chakula kinaanza kuwa makao ya vijidudu, hasa kikiwa na tui, ambalo kwa hali ya hewa yetu huchacha haraka. Mimi hutia tui mwishoni kabisa, juu ya moto.

Kasoro zipo. Mto wa juu ulijazwa vipande vya sponji vilivyokatwakatwa, na baada ya miezi miwili vilikimbilia pembeni vikaacha katikati pakiwa pembamba, mahali hasa ambapo mvuke hupita; nililazimika kuufumua na kuushona upya. Kitambaa cha ndani hakitoki, kwa hiyo mchuzi ukimwagika hakuna njia ya kukifua vizuri. Wakati wa masika kikapu kilishika ukungu kwa sababu nilikifunika kabla hakijakauka, na tangu hapo nakianika juani kila Jumapili. Sufuria yenye mkono mrefu haiingii, na iliyojaa nusu hupoa upesi, kwa hiyo mtu anayejipikia peke yake kikapu cha ukubwa huu hakitamfaa.

Anayepikia makaa afikirie jambo moja zaidi kabla ya kununua: gesi unaizima, makaa hayasubiri. Ukiipua sufuria baada ya dakika 15, moto unaendelea kujilia wenyewe, na usipokuwa na maji ya kuoga au chapati za kuinjika papo hapo, au usipoyazima makaa ili uyatumie kesho, kikapu hakitakuwa kimekuokolea chochote. Sufuria nayo ifutwe masizi kwanza.

Nimemwagiza yule mama cha pili, kidogo, cha sufuria ya lita mbili kwa ajili ya pojo na wali wa watu wawili, kwa masharti kwamba kitambaa cha ndani kiwe cha kuvulika na mto wa juu uwe sponji moja nzima. Ameongeza shilingi 200 kwa ajili hiyo, na sikumbishia.