Laptopu: mpya ya bei nafuu au mtumba wa ofisini?
Mdogo wangu anaanza kozi ya kuprogramu, basi jioni mbili tulizunguka Darajani hadi Mlandege, hapa mjini Zanzibar, kutafuta laptopu. Zikabaki mbili zenye bei zinazokaribiana: mpya yenye Celeron, prosesa ya bei nafuu ya Intel, na ThinkPad T480 ya Lenovo iliyokwishatumika ofisini.

Mpya inavutia. Imo ndani ya boksi lake, nyepesi, betri haijachoka, na ina waranti. Lakini soma maelezo ubavuni mwa boksi: ramu (kumbukumbu ya kufanyia kazi) GB 4 iliyochomelewa kwenye bodi, hifadhi ya mafaili GB 64. Windows peke yake inamaliza sehemu kubwa ya hiyo hifadhi, na ramu huwezi kuongeza hata ukipata pesa baadaye.

T480 ni ya mwaka 2018, kifuniko kimechunika. Ndani mna prosesa ya Intel, Core i5 ya kizazi cha 8, na nafasi mbili za ramu. Hicho kizazi kina maana kubwa: Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 Oktoba 14, 2025, na Windows 11 kwa kawaida inaanzia kizazi hicho kwa prosesa za Intel. Mitumba ya kizazi cha 6, hata iwe rahisi vipi, niliiacha mezani.

Mtumba lakini unataka subira. Tuliuchomoa kwenye umeme, tukacheza video dakika 20, tukabonyeza kila kitufe. Herufi N ikagoma. Muuzaji akabadilisha kibodi palepale. Tazama na skrubu za chini kama zina kutu, maana hewa yetu ya chumvi haina huruma.

Tukachukua T480. Wa kuandika barua tu, ile mpya itamtosha.